Pwani ni ya Wote: Ugomvi ni wa Njia

Katika pwani ya Kenya, kuanzia Vanga karibu na mpaka wa Tanzania hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, ugomvi wa namna moja umekuwa ukirudi tena na tena. Njia ya miguu iliyopita kati ya minazi hadi baharini huonekana asubuhi moja imezibwa kwa ukuta au kwa senyenge. Mvuvi aliyezoea kutembea dakika tano hadi mahali anapoweka ngalawa yake hulazimika kuzunguka mwendo mrefu. Mlinzi aliyesimama langoni humwambia kwamba hapo ni mahali pa mtu binafsi. Mvuvi hujibu kwamba bahari haina mwenyewe. Kila mmoja huamini kuwa anasema kweli, na ajabu ni kwamba mara nyingi wote wawili husema kweli.

Sababu yake ni hii. Watu huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: pwani yenyewe, na njia ya kuifikia. Sheria imekwisha kusema waziwazi pwani ni ya nani. Lakini njia ni jambo jingine, na mtu anayejua haki yake juu ya mchanga bila kujua habari za njia aweza kuipoteza haki hiyo yote, kwa kuwa haki isiyofikika haimfai mwenyewe. Kwa hiyo yafaa mambo haya yaelezwe moja moja.

MAANA YA PWANI

Neno lenyewe "pwani" latokana na kupwa kwa maji. Wazee waliita pwani mahali pale ambapo maji hupwa na kuacha mchanga na miamba wazi, kisha hujaa tena na kupafunika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafuata karibu maana hiyo hiyo. Kifungu cha 62 kinasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ardhi hiyo imo mikononi mwa Serikali ya Taifa kama amana kwa ajili ya wananchi, nayo Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Kifungu hicho chasema pia kwamba ardhi ya umma haiwezi kutolewa wala kutumiwa vingine isipokuwa kwa kufuata sheria ya Bunge.

Maana yake ni kwamba mwenye hoteli au nyumba inayotazama bahari hana mamlaka, kwa sababu ya hati yake tu, ya kumfukuza mtu anayetembea kwenye mchanga ambao maji huufunika na kuuacha. Hati yake haifiki huko. Mvuvi anayeburura chombo chake, wanawake wanaotafuta pweza na chaza penye miamba maji yanapotoka, mama karanga anayengojea samaki wa kukaanga, na watoto wanaooga siku ya sikukuu, wote wamo katika ardhi yao.

Lakini haki hiyo ina mipaka yake. Katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuvua samaki wala kuokota makombe. Hali kadhalika hakuna aliyepewa ruhusa ya kuchota mchanga kwa malori au kujenga kibanda cha kudumu pwani kwa sababu tu mahali hapo ni pa umma. Mali ya umma si mali ya yule anayewahi kufika.

ALAMA YA MAJI I WAPI?

Kila mtu aishiye karibu na bahari ajua kwamba maji hayajai sawasawa kila siku. Wakati wa maji mafu bahari husogea kidogo tu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa huweza kupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, na mahali palipo tambarare tofauti hiyo ni hatua nyingi za mguu. Katiba haikueleza ni maji ya siku gani yatakayotumiwa kuweka alama. Tena bahari yenyewe haikai mahali pamoja: pengine hula nchi kavu mwaka hata mwaka, na pengine huleta mchanga mpya.

Kwa hiyo mabishano mengi huanzia hapa. Mwenye kiwanja huonyesha jiwe la mpaka lililowekwa zamani, ambalo labda sasa hupigwa na mawimbi. Wanakijiji huonyesha mstari wa majani makavu ya baharini yaliyoachwa na maji ya bamvua. Jambo kama hilo haliwezi kumalizwa kwa kelele. Yahitaji mpimaji mwenye leseni, ramani za upimaji, na ikiwa hapana mapatano, uamuzi wa mahakama.

UKANDA WA MITA 60

Watu wengi husema kwamba kila mahali pwani kuna ukanda wa mita 60 kutoka majini ambao ni mali ya Serikali, na kwamba yeyote aliyejenga ndani yake amevunja sheria. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Kanuni za Upimaji za mwaka 1994 zasema kwamba ardhi ya Serikali ambayo haijapewa mtu, iliyo mbele ya bahari, inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa utengwe kwa ajili ya Serikali. Tena kanuni hizo zampa waziri uwezo wa kuagiza ukanda uwe mwembamba zaidi mahali fulani ikiwa maendeleo yanahitaji hivyo. Basi msomaji aangalie maneno haya: "ambayo haijapewa mtu." Kanuni hii haikunyang'anya ardhi iliyokuwa tayari na hati ya mtu binafsi. Mahali pengine ukanda upo, na ni mpana. Mahali pengine ni mwembamba. Mahali pengine haupo kabisa, na kiwanja cha mtu hufika mpaka alama ya maji.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Mtu aliyesikia habari za sheria hiyo kule Tanga asidhani kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyoko Kwale.

HATI ZA ZAMANI

Ili kufahamu kwa nini viwanja vingi vya pwani hufika majini, lazima kukumbuka mambo ya mwaka 1908. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliweka Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa pwani, ule uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kila aliyedai kuwa na shamba alitakiwa kufika mbele ya afisa na kuonyesha ushahidi wake. Aliyekubaliwa alipewa hati ya kumiliki moja kwa moja. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo madai yake yalikataliwa, ilihesabiwa kuwa ya Serikali.

Waliopata hati walikuwa hasa wale waliojua habari hizo na waliokuwa na uwezo wa kuzifuata. Watu wengi wa Kimijikenda, waliolima na kuvua humo, hawakupata hati. Hata hivyo njia zao hazikufungwa wakati ule. Shamba lilikuwa la minazi au mikanju, mwenyewe hakuwa na sababu ya kujenga ukuta, na mpita njia aliyesema hodi hakukatazwa. Njia ilikuwapo kwa mazoea na kwa ujirani mwema, lakini haikuandikwa popote.

Baadaye mashamba hayo yaliuzwa. Hoteli za kitalii zilienea kandokando ya bahari, hasa baada ya Uhuru wa mwaka 1963, na bei ya kiwanja cha mbele ikapanda. Mnunuzi mpya alipoitazama ramani yake hakuona njia yoyote. Alichoona ni mpaka wa mraba wenye mawe manne. Hivyo alijenga ukuta, akiamini kwamba anafanya haki katika mali yake.

NJIA HUPOTEA VIPI?

Kwa kawaida njia hupotea kwa namna tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo iliyokwisha kutajwa: njia ya mazoea isiyoandikwa, ambayo mwenye shamba mpya haitambui.

Ya pili ni mbaya zaidi. Shamba kubwa linapogawanywa kuwa viwanja, mpimaji huchora barabara ndogo za kwenda baharini, na barabara hizo huwa za umma. Lakini zikikaa miaka bila kutengenezwa, hujaa magugu. Jirani wa kulia husogeza ua wake hatua mbili, jirani wa kushoto husogeza wake hatua mbili, na barabara yatoweka. Pengine mtu mwenye hila huipatia hati barabara hiyo kana kwamba ni kiwanja kitupu. Tume iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, ikiongozwa na wakili Paul Ndung'u, ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2004 jinsi ardhi iliyotengwa kwa faida ya wote katika sehemu nyingi za nchi ilivyogawiwa watu binafsi. Katiba ya sasa, katika kifungu cha 40, yasema kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Ya tatu ni ukuta wa kuzuia mawimbi. Mwenye kiwanja huona bahari inakula ardhi yake, hivyo hujenga ukuta wa mawe mbele. Maji yakipwa hapana shida, watu hupita. Lakini maji yakijaa hugonga ukuta, na mchanga ulio mbele yake huweza kuchukuliwa kidogo kidogo hata pasibaki mahali pa kutia mguu. Pwani ingali ya umma kwa sheria, lakini iko chini ya maji. Ndiyo sababu Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, yataka mtu apate kibali, baada ya uchunguzi wa athari kwa mazingira, kabla ya kujenga kitu chochote baharini.

UPANDE WA WENYE VIWANJA

Si haki kueleza upande mmoja tu. Wenye nyumba na hoteli nao wana malalamiko yao. Wengine wameibiwa usiku na watu waliopita njia ya pwani. Wageni huchoka kwa kufuatwa na wachuuzi wanaowauzia shanga na vinyago kila hatua. Takataka huachwa, na muziki hupigwa mpaka alfajiri. Mwenye kiwanja amelipia ardhi yake, hulipa kodi yake, na Katiba inailinda mali yake kama inavyolinda pwani ya wote.

Tena sheria ya kuingia bila ruhusa katika ardhi ya mtu ingalipo. Mtu anayeruka ua au kuvunja lango kwa kudai haki ya kwenda baharini aweza kushtakiwa, hata kama madai yake juu ya njia yana msingi. Vijana wengi wameiharibu kesi nzuri ya kijiji chao kwa kubomoa ukuta usiku mmoja. Baada ya hapo habari inayozungumzwa mahakamani si njia tena, bali ni ukuta uliobomolewa.

MFANO WA NCHI NYINGINE

Ugomvi huu si wa Kenya peke yake. Huko Uingereza, mwaka 1821, mahakama iliamua katika kesi ya Blundell na Catterall kwamba umma haukuwa na haki ya jumla ya kupita pwani ili kwenda kuoga baharini, ingawa haki ya kuvua na ya kusafiri kwa vyombo ilitambuliwa. Jaji mmoja, Best, hakukubaliana na wenzake. Haikuwa mpaka mwaka 2009 ambapo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufanya njia ya miguu kuzunguka pwani yote ya England.

Katika jimbo la California, Marekani, katiba ya mwaka 1879 ilikataza wenye ardhi iliyo mbele ya maji kuwazuia watu njia ya kuyafikia inapohitajiwa kwa faida ya umma. Hata hivyo ugomvi haukwisha. Mwaka 2008 tajiri mmoja alinunua ardhi ya Martins Beach, kusini ya mji wa San Francisco, na mwaka 2010 akafunga lango la barabara pekee ya kuufikia ufuo huo. Mahakama za jimbo ziliamua kwamba hata kufunga lango ni badiliko linalohitaji kibali cha wasimamizi wa pwani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufani yake.

Mifano hii yafundisha jambo moja. Mahali ambapo njia imeandikwa katika sheria au katika ramani, raia huwa na kitu cha kushika mkononi. Mahali ambapo haikuandikwa, hutegemea hisani ya jirani, na hisani yaweza kuuzwa pamoja na shamba.

WANANCHI WAFANYE NINI?

Jambo la kwanza ni kuitazama ramani. Kila mtu aweza kwenda ofisi ya ardhi, akalipa ada ndogo, akaomba kuangalia ramani ya usajili ya mahali hapo na habari za kiwanja kinachohusika. Ikiwa barabara imechorwa, neno limekwisha kuwa jepesi: aliyeiziba ameziba barabara ya umma, na malalamiko yapelekwe kwa serikali ya kaunti na kwa Tume ya Taifa ya Ardhi.

Ikiwa barabara haikuchorwa, zipo njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu serikali ya kaunti, chama, au kikundi cha watu kuiomba Tume ya Taifa ya Ardhi itoe haki ya njia ya jamii kupita katika ardhi ya mtu. Mwenye ardhi hupewa taarifa na nafasi ya kusema, na sheria inataka alipwe fidia. Kwa hiyo kikundi kinachoomba kisifikiri kwamba njia itapatikana bure. Yafaa kaunti ishirikishwe mapema.

Tena Sheria ya Muda wa Mashtaka yasema kwamba njia iliyotumiwa kwa amani, waziwazi, kama haki, na bila kukatizwa kwa miaka 20 yaweza kuwa haki kamili. Maneno "kama haki" ni mazito. Aliyekuwa akipita kwa kuomba ruhusa kila mara hakuwa akipita kama haki. Na kanuni hiyo haitumiki juu ya ardhi ya Serikali. Ushahidi hapa ni wazee walioitumia njia, ramani za zamani na picha zilizopigwa kutoka angani. Wazee hawangoji kesi, hivyo maneno yao yaandikwe na kutiwa sahihi mapema.

Jambo la tatu ni kufanya kazi kwa umoja. Wavuvi wana vikundi vyao vya kusimamia fuo, vijulikanavyo kwa herufi za BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Kikundi chenye daftari, viongozi na mihuri husikizwa upesi kuliko mtu mmoja mmoja. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 iliagiza viwanja vya umma viwekwe kandokando ya pwani kwa ajili ya madiko ya wavuvi na mapumziko ya watu. Kila kijiji chafaa kuuliza diko lake limepimwa au la, maana diko lisilo na hati ya umma ndilo linalonyakuliwa kwanza. Sheria ya mwaka 2012 imekwisha kuagiza kwamba Tume ihakikishe fuo na mahali pa kuteremshia samaki havimo katika ardhi ya umma inayogawiwa.

Mwisho, ikiwa yote yameshindikana, ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa mambo ya mazingira, Katiba katika kifungu cha 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

WAJIBU WA PANDE ZOTE

Mahali pengi mapatano yamewezekana bila kesi. Mwenye kiwanja hukubali kuacha njia ya upana wa mita chache pembeni mwa ukuta wake, ambayo haipiti mbele ya madirisha yake. Kijiji nacho hukubali kuifagia, kutopita na pikipiki, na kuwakanya vijana wanaosumbua wageni. Mapatano kama hayo ni mema, lakini yasibaki mdomoni. Yaandikwe, yapelekwe kwa mpimaji, na kusajiliwa juu ya hati, ili kesho shamba likiuzwa njia iuzwe pamoja nalo.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili, kijiji kisichoandika njia yake leo kitaukuta ukuta umejengwa na mwingine. Mchanga wa pwani utabaki kuwa wa wananchi kwa neno la Katiba. Lakini mvuvi haendi baharini kwa Katiba, huenda kwa miguu yake, na miguu yahitaji njia.